Sentimita Tatu

Nilizikata springi za Golf kwa msumeno wa umeme,
mizunguko miwili mbele, mmoja na nusu nyuma,
nikiwa na miaka ishirini na moja na jeki ya kuazima.
Gari likalala.
Vijana wa Ovar wakaja kulipiga picha
mbele ya nyumba za vigae vya buluu,
wakapima kwa vidole pengo la tairi na bodi:
hata kidole kimoja hakipiti.
Nilitembea siku nzima kama bwana harusi.

Asubuhi akapanda mama.
Kupanda si neno lake tena; alishuka,
kama mtu anayetumbukia kisimani kwa makalio,
mkono mmoja mlangoni, mwingine umeinua keki.
Benilde, mwokaji wa keki za mayai,
zile ambazo kiini chake huachwa kibichi kusudi
kitetemeke,
kimefunikwa karatasi nyeupe kama kichanga.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Gari langu liliinama.
Halikupata cha mvunguni wala cha mezani.

Barabara zetu ni za mawe ya mraba,
zilitandazwa na watu waliojua punda tu.
Kila jiwe lilipita kwanza kwenye chuma,
kisha kwenye kiti, kisha kwenye uti wa mama,
likapiga hodi menoni.
Penye tuta la shule tuligonga, du!
na kile kiini, kilichokesha kikipewa moto wa taratibu,
kikamwagika sketini.
Wabatizaji walingoja keki. Tuliwapelekea ganda.

Mama alipangusa vidole, kimoja kimoja.
“Zeferino,” akasema, “gari lako ni zuri sana
likiwa limesimama.”

Nikaenda kwa Graciete, binamu yangu,
aliyefukuzwa karakana ya mabasi kwa ajili ya mdomo.
Alilala chini ya gari, miguu nje, kimya
muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.
“Umekata safari,” sauti ikatoka uvunguni.
“Ulidhani unakata urefu.
Springi ni safari, mjinga wewe. Shimo likija
linataka pa kwenda. Umelifungia njia,
basi linahamia mgongoni mwa mama yako.”

Tukaanza upya. Pesa za likizo zikaenda.
Springi mpya, za kushusha sentimita tatu, si saba.
Shokapu fupi zilizozaliwa pamoja na springi hizo,
zisizobishana nazo.
Zile raba za kuzuia mgongano, tukazipunguza kwa kisu
kidogo, kama unavyopunguza kucha za mtoto.
Rimu zangu za kumi na saba nikamuuzia Vasco;
tukarudi kumi na nne, tairi yenye ubavu mnene.
(Nililia? Karibu.)

Nilikuwa nakaza boliti za bushi, gari likining'inia,
Graciete akanipiga kofi la mkono.
“Lishushe kwanza. Lisimame kwa uzito wake.
Mpira hukumbuka mkao uliokazwa nao.
Ukiukaza hewani, utaishi umejipinda,
kila siku ukivuta kurudi juu.”
Nikalishusha. Nikakaza kwa kutambaa,
mafuta shingoni, nikimfikiria mama
na ile nyonga aliyowekewa Aveiro,
jinsi walivyomsimamisha kesho yake tu.

Jumamosi, keki pajani, mawe yale yale.
Sikudanganyi kwamba tulielea.
Mawe yalikuwepo, lakini yalizungumza chini kwa chini,
kama majirani usiku nyuma ya ukuta.
Kwenye tuta la shule gari lilizama, likafikiri, likainuka
mara moja,
likatulia.

Vijana walipima tena pale kwenye taa nyekundu.
Vidole viwili vinapita.
“Limepanda,” mmoja akasikitika.
Sikumjibu. Mama alikuwa amesinzia,
kidevu juu ya karatasi nyeupe,
na kiini kikitetemeka chini yake, kizima.

Nikaupita mlango wa mteja.
Nikazunguka uwanja wa soko mara ya pili.